Usimshike Sana Mlinzi

6 Februari

Shangazi yangu na somo yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, duka ni zima, mashine ya kopi ni nzima, na Baba na Mama nao wazima, ingawa naona nimewapanga nyuma ya mashine. Mimi sijambo. Nina mafua madogo ya baridi ya maabara, lakini yananisaidia nisisikie harufu ya chumba cha panya.

Juzi ulinipigia simu ukasema, "Somo, niandikie barua, tumia sanduku la posta la duka, si la nyumbani," kisha ukakata. Nilipopiga tena akapokea Baba, akaweka spika kama kawaida yake, akaniuliza mbele ya nyumba nzima kama ninakula. Nikasema ninakula. Nyuma yake nikakusikia unakohoa. Shangazi, kikohozi kile nakijua. Ndicho ulichokuwa ukikohoa mezani nilipokuwa mdogo, kunionya niondoke kabla sijaulizwa alama za hesabu.

Basi naandika. Sijaandika barua kwa mkono tangu shule. Mwandiko wangu umekuwa kama wa daktari, na Baba angefurahi kusikia, maana ndio udaktari pekee aliowahi kuupata kwangu.

Kazi yangu haiendi. Uliniuliza likizo iliyopita ninafanya nini hasa, nikasema napeleka dawa kwenye ubongo, ukasema ungeshukuru kama ningeanza na watu wa nyumbani. Dawa yenyewe ni peptidi. Ifikirie kama uzi wa shanga, kila shanga ikiwa asidi amino moja. Ikifika inakotakiwa inazilinda seli za ubongo zisichakae. Shida ni kwamba haifiki. Damu imejaa vimeng'enya, na kwa dawa yangu kila kimeng'enya ni mkasi. Naiweka kwenye kichupa cha damu ya panya, naenda kunywa chai, nikirudi nakuta makombo. Na hata kama ingepona, ingekuta ukuta: seli za mishipa ya ubongo zimebanana bega kwa bega, hazipitishi kitu ovyo. Nimekaa na jambo hili mpaka naona mikasi nikifumba macho.

Sasa niambie. Kuna nini?

Somo yako


25 Februari

Somo yangu, mwenye mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino,

Marahaba. Sote hatujambo. Mama yako goti limetulia, sasa ni bega. Baba mdogo wako anapitia hapa kila jioni kula na kusema, na sijui kipi anakifanya zaidi. Baba yako amestaafu forodha, lakini forodha haijastaafu ndani yake. Jana nimerudi na mfuko wa vitunguu, akanisimamisha mlangoni.

"Hiki ni nini?"

"Vitunguu, Kaka."

"Vyote?"

"Vyote, Kaka."

Akaufungua. Akaangalia. Akanipisha.

Nakuandikia kwa sababu simu katika nyumba ile ni redio. Haya, kaa chini. Umekaa?

Mlango wa pili kutoka dukani kwangu yupo Fundi Saa. Unamkumbuka, mrefu, ana miwani ya jicho moja anayoisahau usoni mpaka barabarani. Mtu huyu alianza kuja kutoa kopi tangu mwaka jana. Kopi moja, kila siku. Ukurasa ule ule: maelekezo ya saa ya ukutani. Nikamtolea, mteja ni mteja. Siku moja nikamwuliza, "Fundi, karatasi hii huichoki?" Akasema, "Karatasi naichoka."

Somo, nilitoa kopi kumi badala ya moja.

Sasa amesema anataka nimkubali tufunge ndoa. Kwa mdomo nilisema, "Ngoja." Kwa moyo nilikuwa nimeshanunua viatu. Lakini yupo baba yako. Mume wangu alipofariki, Kaka alikuja na gari la mizigo akanichukua mimi na sanduku langu, akasema hakuna mtu atakayeniliza tena. Tangu siku ile amesimama getini. Wamekuja wawili kuniposa. Wa kwanza alihojiwa mpaka akakiri mambo ambayo hakuna aliyemwuliza. Wa pili aliondoka haraka, kofia yake tunayo mpaka leo, baba yako anaivaa mvua ikinyesha.

Na mimi sitaolewa kwa kuruka ukuta. Yule ni kaka yangu. Tulipokuwa watoto mkate ulikuwa mmoja, yeye akiukata, kipande kikubwa ananipa mimi na kuapa kwamba ni kidogo. Akisema hapana, nitabaki na kopi zangu. Lakini, somo, sitaki kubaki na kopi.

Nilijaribu. Nilimwambia mama yako, polepole: "Wifi, Fundi Saa ni mtu mwema, angependa kuja kuzungumza na Kaka." Mama yako akamwambia baba mdogo wako. Baba mdogo wako akamwambia baba yako, mezani, mdomo umejaa. Nilisikia kwa masikio yangu kilichofika: "Dada anauza duka anunue saa."

Kaka akasema, "Duka haliuzwi, na saa tunayo." Akafungua gazeti.

Haya, msomi. Wewe unayeingiza vitu kwenye vichwa vilivyofungwa, hiki utakiingiza vipi?

Shangazi yako, ambaye hana wa kumwambia mwingine


12 Machi

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Shikamoo mara tatu. Barua yako niliisomea kwenye ngazi. Nilipofika pale pa "karatasi naichoka" nilipiga kelele, mlinzi wa jengo akaja mbio na kizima moto. Nimekuwa nikitabasamu peke yangu mbele ya mashine tangu siku hiyo. Mama apake dawa bega. Baba mdogo mwache alivyo, amenipa mwanga mkubwa, nitakueleza.

Niliisoma tena usiku ule na nikaona kwamba sisi wawili tuna tatizo moja. Usicheke. Ulitoa uzi mzima wa maneno, ukaupitisha kwenye damu yenye mikasi, yaani Mama na Baba mdogo, na kilichofika ni makombo yaliyoungana vibaya. Si ubaya wao. Kimeng'enya hakina chuki na dawa, kinakata kwa sababu kimepewa meno.

Mimi nimefanya mambo mawili. La kwanza: shanga zote za mwilini zimejengwa kwa upande mmoja, sema kama mkono wa kushoto. Lakini maabara tunaweza kununua shanga ile ile ikiwa mkono wa kulia, kama unavyojiona kwenye kioo. Mikasi haizijui hizo. Ni kama kuvaa glavu ya mkono mwingine: inaingia vidole viwili, inakwama. Nimebadilisha shanga mbili tu, pale ambapo mikasi inapenda kuuma. Nikibadilisha zote, hata ubongo wenyewe unaweza usiitambue dawa.

La pili: mikasi mingine huanzia mwishoni, kama panya anayekula kamba. Basi nimefunga kichwa cha uzi na mkia wake, umekuwa pete. Haina mwisho. Aanzie wapi?

Kwa hiyo usitume maneno tena. Maneno yana ncha. Mpeleke Fundi mwenyewe, mzima, na aende amefunga mdomo. Asiposema kitu, Baba mdogo atakata nini?

Unabaki ukuta. Ukuta wa ubongo una milango midogo kwa vitu ambavyo ubongo unavihitaji. Mmojawapo ni wa chuma, madini ya chuma. Mlangoni yupo mlinzi anayemshika mkono mbeba chuma na kumvusha. Wajanja wa kazi hii hawagombani na mlinzi. Wanaifunga dawa kwenye kitu ambacho mlinzi anakishika kwa furaha, ikavushwa pamoja nacho.

Sasa fikiri, Shangazi: chuma cha Baba ni nini? Ni kitu gani akikiona anafungua geti kabla hajauliza?

Jibu upesi, nimeshindwa kula.

Somo yako


2 Aprili

Somo yangu,

Marahaba, na kula. Hatujambo. Bega la mama yako limehamia mgongoni, tunaliachia lizunguke.

Drafti! Nilikuwa nafunga duka, nikasimama na kufuli mkononi kama mwizi. Baba yako na drafti! Ubao wake upo juu ya kabati, una vumbi, kwa sababu hakuna wa kucheza naye. Baba mdogo wako anaiba kete, na wenzake wa kazini wamehama. Nikamwuliza Fundi, "Unacheza drafti?" Akasema, "Nani hachezi?" Nikamwambia jibu hilo asilirudie mbele ya kaka yangu.

Jumamosi akapita mbele ya geti letu na ubao kwapani. Alipofika sawasawa na geti akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba, somo. Nilikuwa dirishani, nikauma pazia.

Kaka alikuwa anamwagilia maua. Akazima bomba.

"Wewe. Hilo la nini?"

"Drafti, Mzee."

"Unajua, au unabeba tu?"

"Najua kidogo."

"Kidogo cha kufunga au kidogo cha kufungwa?"

"Inategemea naketi na nani."

Geti likafunguka. Hakuulizwa baba yake nani, hakuulizwa anaishi wapi, hata mifuko hakupekuliwa! Wakakaa kibarazani. Nikapeleka chai, uso nimeukausha kama sinia. Fundi hakuniangalia kabisa. Akapokea kikombe akasema, "Asante, mama."

Mama!

Nilirudi jikoni nikamcheka mpaka wifi akaniuliza kama nimekunywa kitu. Kesho yake alipokuja dukani na karatasi yake nikamwambia, "Karibu mwanangu, kopi ngapi?" Akashika meza kwa kicheko, miwani ikaanguka.

Kwa hiyo pete yako imepita kwenye damu. Baba mdogo wako alikuwepo siku ile, akala, akatazama, hakuona cha kuuma. Amebaki kusema tu, "Kaka amepata mchezaji." Kweli tupu!

Lakini kitu kimoja. Umeniandikia kurasa za mikasi na chuma, na mstari mmoja wa mafua. Unakula na nani huko?

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mafua yamekwisha. Niliposoma "asante, mama" nililazimika kutoka nje ya maktaba.

Na mimi nina habari. Pete imepona! Niliiweka kwenye damu asubuhi, nikaenda kunywa chai, nikarudi: nzima. Nikaenda kula: nzima. Kesho yake ilikuwa bado nzima kwa sehemu kubwa, inaelea kati ya mikasi kama bibi harusi sokoni. Niliruka. Nikapiga kiti teke. Mwenzangu wa meza ya jirani, yule anayefanya kazi ya mafuta ya seli, alidhani nimejiunguza, akanivuta mpaka kwenye sinki akanimwagilia maji mkononi. Nilimwacha amwagilie, maana nilikuwa nacheka na siwezi kueleza. Alimwagilia muda mrefu.

Sasa nimeifunga pete kwenye kishikio cha mlangoni. Nilitengeneza vishikio kadhaa, nikachagua kinachomshika mlinzi kwa nguvu kuliko vyote. Unanijua. Nikishika kitu, sishiki kidogo. Wiki zijazo tutajua kama kimeingia.

Na Fundi amshike Baba vivyo hivyo. Aende kila siku. Asikose hata moja. Akishazoeleka kabisa, hapo ndipo aseme.

Ninakula vizuri.

Somo yako


15 Mei

Somo yangu,

Nimeona umejibu swali la kula na kuliruka la nani. Nimeliweka kwenye droo, halitaharibika.

Tumeharibu!

Fundi alifuata maneno yako. Akaja kila jioni. Jua, mvua, umeme umekatika, yupo kibarazani. Kaka anamngoja kama mtoto anavyongoja mgeni wa mbali. Saa za kufunga ofisi zikifika anaweka ubao, anageuza mto wa kiti upande usio na tobo, anamwuliza mama yako, "Chai ya Fundi iko wapi?" Chai ya Fundi, somo! Yangu najitilia mwenyewe.

Lakini haingii. Ni kibarazani tu. Tangu aanze kuja hajavuka kizingiti cha sebule. Wiki iliyopita alijikaza. Akasema, "Mzee, kuna jambo ningependa tuzungumze."

Kaka akasema, "Ni la drafti?"

"Si la drafti, ila..."

"Basi litasubiri. Sogeza kete."

Juzi akajaribu tena, Kaka akamshika mkono juu ya ubao. Akasema, na mimi nipo hapo na sinia: "Fundi, unajua kwa nini nakupenda? Watu wote waliowahi kuingia geti hili walikuwa wanataka kitu. Wawili walimtaka dada yangu huyu hapa. Wewe peke yako hutaki kitu. Unakuja, unacheza, unakwenda. Mungu akuweke."

Fundi akanywa chai yote kwa mara moja. Ilikuwa ya moto.

Sasa atasemaje? Akifungua mdomo atakuwa kama wale wawili, tena mwongo juu yake. Asipofungua, tutazeeka hivi, yeye kibarazani, mimi na sinia, kaka yangu katikati akila kete. Jana dukani hakutoa kopi. Alikaa tu akazungusha karatasi. Akasema, "Nimeingia kwa kaka yako kuliko ninavyoingia kwako." Nilitaka kucheka, nikaona hachezi. Na mimi nikaona sichezi.

Nilikuwa nimeanza kujizoesha, somo. Asubuhi nilikuwa naangalia mahali atakapotundika koti.

Fikiri. Jibu mapema.

Shangazi yako


3 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Barua yako ilifika siku ambayo sikutaka kusoma kitu cha mtu yeyote.

Kishikio changu kilishindwa. Tunaipaka dawa rangi inayong'aa kijani chini ya hadubini, ili tuone imefika wapi. Niliangalia kipande cha ubongo wa panya nikaona mishipa imechorwa kijani safi, kila mstari, mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona hapa. Na ndani, kwenyewe, giza. Yote ilikuwa imenasa mlangoni. Nilikaa na picha ile siku kadhaa bila kumwonyesha mtu.

Kisha mwenzangu wa meza ya jirani akaja nyuma yangu na vikombe viwili. Akatazama. Akasema, "Umemshika kama mtu anayezama. Mlinzi atakuachaje?"

Nikamwambia asiniletee methali. Akasema si methali, kuna watu wameshaliona hilo na kuliandika, na mimi ningekuwa nimesoma kama ningekuwa sijajifungia na mikasi. Nikaenda kusoma. Shangazi, ni kweli kabisa! Kishikio kikimng'ang'ania mlinzi, mlinzi anakivusha lakini hakitoki mkononi mwake. Wanabaki wameshikana, mpaka seli inawachoka wote wawili na kuwatupa kwenye jalala lake. Walinzi wenyewe wanapungua mlangoni. Dawa inayoingia ni ile inayoshika kwa mkono mlegevu: inashika vya kutosha kuvushwa, na ikifika upande wa pili inateleza, inaachia, inakwenda zake.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Mimi ndiye niliyekwambia aende kila siku!

Legezeni. Fundi asiende. Asiage, asitume udhuru, na Baba mdogo asiambiwe. Abaki tu kwenye kazi zake, na zikiwa za dukani kwako, je, nani atalaumu? Baba amezoea kufungua geti kutoka ndani. Mwacheni afungue atoke.

Mimi nimeanza kutengeneza kishikio kipya, kilegevu. Kwa furaha nimemwaga mara mbili, imebidi nipimiwe na mtu mwingine.

Somo yako

Ndiyo. Ni huyo huyo wa vikombe viwili. Funga droo yako.


30 Juni

Somo yangu, somo yangu, somo yangu!

Marahaba, na leo kaa chini kweli. Mama yako hajambo, maumivu yamemaliza mwili mzima yameondoka. Baba mdogo wako hajui kitu hata sasa, anakula.

Jioni ya kwanza Fundi hakuja. Kaka akaweka ubao, akageuza mto, akakaa. Akacheza dhidi yake mwenyewe, akajifunga, akakasirika. Jioni ya pili akaniuliza, huku anatazama maua, kama kuna msiba mjini. Nikasema sijasikia. Ya tatu alivaa kofia, ile ya yule mwingine, na mvua haikuwepo. Akatoka getini. Mama yako anasema hakuwahi kumwona akienda mjini jioni tangu astaafu.

Mimi nilikuwa dukani. Mashine ilikuwa imekwama karatasi, na hili si mpango wa mtu, imekwama kweli. Fundi alikuwa ameingiza kichwa ndani yake mpaka mabegani. Mlangoni nikasikia: "Hee!"

Kaka yangu. Akatazama miguu ya Fundi. Akatazama koti la Fundi kwenye msumari wangu. Akatazama vikombe viwili juu ya meza. Fundi akabaki ndani ya mashine, nadhani alidhani asipotoka hatakuwepo. Kisha Kaka akageukia rafu. Somo, zile kopi sikuwahi kuzitupa. Kila siku nilitoa mbili, moja yake, moja yangu. Zimejaa rafu nzima. Akachukua ya juu. Akachukua ya katikati. Akachukua ya chini.

"Hizi ni nini?"

"Maelekezo ya saa ya ukutani, Kaka."

"Zote?"

"Zote, Kaka."

Akaniangalia kama nilikuwa mfuko wa vitunguu. Nilimwangalia vile vile, kwa mara ya kwanza sikuinamisha macho, nikasubiri anipishe au asinipishe.

Akavuta kiti. Akakaa. Akaweka kofia gotini.

"Fundi," akasema, "wewe huna mke. Huyu hana mume. Mimi sina wa kucheza naye. Watu wazima watatu tunaumwa ugonjwa mmoja na dawa iko humu humu dukani! Hivi katika mji huu anayefikiri ni mimi peke yangu?"

Fundi akainua kichwa, akakigonga, mashine ikapata uhai, ikamtoa kopi. Nimekuwekea humu ndani. Lile upande wa kushoto ni shavu, lile jeusi ni sikio.

"Unasemaje?" Kaka akamwuliza.

Fundi akasema, "Mzee, sikuwa nimefikiria jambo hilo." Mwongo mkubwa! Nilijishika kwenye rafu.

"Ndiyo maana nafikiri mimi," Kaka akasema. "Na wewe?"

Nikasema, "Kaka, umenishtukiza. Nipe wiki nitafakari."

"Wiki ya nini? Kesho."

"Kama ni amri yako, Kaka."

Akasimama. Akamwita Fundi shemeji mara mbili, kujaribu ulimi, akatoka amefurahi kama aliyegundua moto. Nikamsindikiza mpaka njiani. Hapo ndipo alipoinama kidogo kunisemea karibu, bila kucheka:

"Miaka yote ile mpakani, mdogo wangu, sikuwahi kuona mtu mwenye begi tupu akikaa getini anatabasamu kila siku. Nilikuwa nangoja alitue mwenyewe. Nilipoona hatui, nikaogopa amelirudisha kwao."

Kisha akavaa kofia akaenda zake. Mimi nimebaki njiani sijui kama tulimpitisha Fundi mbele ya kaka yangu, au ni kaka yangu aliyetuvusha wote wawili.

Harusi ni mwezi wa nane. Viatu nimenunua, safari hii si kwa moyo, ni kwa miguu.

Shangazi yako, mchumba wa mtu


18 Julai

Shangazi, bibi harusi, somo,

Shikamoo! Sikio limebandikwa ukutani juu ya meza yangu. Watu wanaouliza ni picha ya kiungo gani nawaambia ni moyo.

Baba alinipigia. Spika imewekwa, nyumba nzima inasikiliza. Akaniambia amekutafutia mume, mtu mzuri sana, kwa akili yake mwenyewe, na kwamba wewe ulisitasita lakini amekushawishi. Nikasema, "Hongera Baba." Kisha akaniuliza kama kazi yangu ya ubongo inaendelea, au bado milango imefungwa. Sikuwahi kumwambia habari ya milango, Shangazi, niliiandika kwako tu. Nimeona niliache hapo.

Inaendelea. Jana niliangalia kipande kipya. Mishipa ilikuwa kijani hafifu, nusu ya mng'ao wa kwanza, nikaanza kusononeka. Kisha nikakuza picha. Ndani, Shangazi, katikati ya giza, kati ya seli zenyewe, kulikuwa na chembe za kijani. Hazikuwa nyingi. Zimetawanyika kama mtu aliyemwaga mtama. Panya si mtu, na bado nina miaka mingi mbele yangu, na Mkuu wa maabara aliziangalia kwa muda mrefu akasema tu, "Rudia." Nimerudia leo. Zipo tena. Nilipotoka kwenye chumba cha hadubini sikupiga kelele. Nilisimama kwenye korido nikiwa nimeshika mkono wa mtu, na nilijihadhari nisiushike sana.

Nitakuja harusini, na sitakuja peke yangu. Ni mpole, anapenda mafuta ya seli kupita kiasi, na drafti hajui hata kete zinakaa upande gani. Nimemwambia akifika getini ainame kama anafunga kamba za viatu. Kamba anazo kweli, kwa hiyo anaweza kuchukua muda.

Baba akianza, "Hiki ni nini?" wewe kohoa.

Somo yako